Majogoo wangu wa kuchi walivyoacha kutoana damu

Mwanzoni nilidhani kuchi wangu, aina ya kuku wenye asili ya kupigana, wanaumwa. Vifua vilikuwa vitupu, ngozi nyekundu inaonekana, manyoya machache tena yamebana mwilini. Nikawapaka dawa ya utitiri bure. Kumbe ndivyo walivyo: miguu na shingo ndefu, mdomo mfupi mnene, kilemba kidogo kilicholala kichwani.

Shida halisi ilikuwa vita. Walipokaribia miezi mitano, majogoo wawili waliototolewa pamoja walianza kupigana hadi nyuso zikavimba. Nikawatenga kwa wavu. Hapo nilikosea. Walisimama wakitazamana, manyoya ya shingo yametutumka, wakidonoana kwenye matundu mpaka mmoja akachanika kilemba. Kuchi ana damu ya kupigana. Akimwona jogoo mwenzake hatulii.

Nikagongelea mbao kwenye wavu, kimo cha kifua changu, wasionane kabisa. Kila mmoja nikampa mitetea wake na chombo chake cha maji. Siku ya pili ikabaki kuwika tu. Kidonda nilikiosha kwa maji ya chumvi, kikakauka.

Kwangu mimi ni wapole ajabu. Yule mkubwa anakula mahindi kiganjani mwangu, punje mojamoja.