Kichwa cha sentimita tatu

Kazi yangu ya kila siku ni kuchora picha za milango na ngalawa za kuwauzia watalii hapa Mji Mkongwe. Mlango ukipinda kidogo hakuna anayeuliza. Sura ya mtu ni habari nyingine, na ya marehemu ndiyo kabisa.

Mama mmoja wa Wete alinijia na picha ya pasipoti ya baba yake, ile ya sentimita 3.5 kwa 4.5, kingo zimeshalika. Anataka ya rangi ya mafuta, 60 kwa 80, aitundike ukumbini. "Mwanangu, tuliyobaki nayo ndiyo hii tu." Nikapokea advansi kabla sijafikiri sawasawa.

Jasho lilinitoka nilipokaa kupiga hesabu. Pale pichani kichwa kilikuwa kama sentimita 3. Nikiikuza ijae kanvasi, mzee anapata kichwa cha nusu mita, na cha mtu mzima ni sentimita 22 au 23 hivi. Jitu lile nani alale nalo nyumba moja? Nikaamua kichwa kiwe 18. Nikatoa kopi kubwa, nikaigawa miraba 63, 7 kwa 9, na kila mraba ukawa sentimita 3 kwenye kanvasi. Uso ukaja mraba kwa mraba. Lakini picha yote ililala kwenye 21 kwa 27. Kwengine kote kweupe.

"Bi Mkubwa, mzee alikuwa akikaa vipi?" Barazani, akasema, baada ya alasiri, mikono juu ya bakora. Basi nikamwomba kaka wa huyo mama, anayekaa Ng'ambo, upande wa pili wa mji wetu, avae kanzu, akae hivyo hivyo saa hizo hizo. Mwili na mikono nikavichora kwake siku tatu.

Nikarudi nyuma hatua tano kutazama. Uso ulikuwa kama umekatwa kwa mkasi ukabandikwa! Jua la jioni linampiga mzee begani kutoka kushoto, na usoni hana kivuli hata kimoja, maana taa ya studio ilimmulika mbele ikavila vyote. Makosa yangu hayo. Nilinakili picha badala ya kumchora mtu.

Nikamwita tena yule kaka, safari hii na kofia ya viua, ile iliyodariziwa vitundu vidogo vidogo. Nikatazama kivuli kinakoangukia: chini ya ukingo wa kofia, tunduni mwa jicho la kulia, ubavuni mwa pua, chini ya kidevu. Pua yake si ya babaye, kwa hiyo mahali pa kivuli nilipata kwake, umbo nikabaki nalo la pichani. Nyeusi ya tyubu sikuigusa, hugeuza ngozi yetu majivu; nilichanganya kahawia iliyokolea na buluu. Kanzu nayo ilikuwa nyeupe pale tu palipopigwa na jua, kwengine buluu buluu. Viua nilitaka kuvichora kimoja kimoja, nikaona nitazeeka. Nikavitia upande wa mwanga tu.

Mama alipokuja alisimama kimya muda mrefu, buibui lake kalishika kidevuni.

"Ni yeye. Ila kofia... akiiinamisha kidogo kulia."

Rangi ilikuwa bado mbichi. Nikachukua kisu nikaanza kukwangua, naye akavuta kigoda akakaa kunielekeza.