Nani Alikuandikia?

Leo ni siku ya nne na swali lile bado halijaniondoka. Jumanne, baada ya mazoezi, mzee wetu wa kikundi cha maigizo, ambaye ninyi nyote mnamjua kwa upole wake, alilifunga daftari langu, akalipakata magotini, akaniambia: “Mwanangu, mchezo huu ni mzuri. Nani alikuandikia?” Nikamjibu, “Nimeandika mwenyewe, mzee.” Akatikisa kichwa taratibu, akasema, “Haya.” Tangu hapo nimeligeuza neno hilo kila upande, kwani iko haya ya kukubali, na iko haya ya kumnyamazisha mtoto. Wiki hii posa ya kaka imekubaliwa, na mzigo wa vitenge umefika dukani ukiwa na upungufu wa majora mawili, lakini mimi nimebaki kwenye “haya” ile.

Usiku nilimrudia Cicely Hamilton, yule Mwingereza niliyewatajia wakati wa Ramadhani. Alizaliwa London mwaka 1872 kwa jina la Cicely Hammill, akawa mwigizaji, akazunguka miaka mingi na makundi ya maigizo katika miji ya mikoani kabla hajaanza kuandika michezo yake mwenyewe. Mchezo wake mmoja mfupi wa awali ulipokaribia kuonyeshwa, alishauriwa afiche kwamba mwandishi ni mwanamke mpaka wahakiki wa magazeti wamalize kuandika, kwa sababu michezo iliyojulikana kuwa ya wanawake ilikuwa ikiandikwa vibaya. Nilipofika hapo nililia. Huenda aliyemshauri alimtakia mema, kama mzee wetu anavyonitakia mimi, na ndiyo maana jambo hili linauma: ningepata adui ningejua la kumjibu.

Kisha nikaufungua tena mchezo wake wa “Diana of Dobson's”, na moyo ukaanza kutulia. Mwaka 1908 Lena Ashwell aliuonyesha katika ukumbi wake wa Kingsway, London, akimwigiza Diana yeye mwenyewe. Pazia linafunguka katika bweni la wasichana wauzaji wa duka la nguo, ambao wanarudi kulala baada ya kutwa nzima ya kusimama. Wanavua nguo za kazi, wanafungua nywele, na maneno yao ni ya uchovu na ya faini wanazokatwa. Mshahara wa Diana ni pauni 13 kwa mwaka. Anapofikiwa ghafla na urithi wa pauni 300, haweki akiba hata kidogo, bali anaazimia kuishi kitajiri mwezi mmoja. Mimi ninayejua jinsi viatu vinavyobana ifikapo saa kumi na moja jioni, nilimwelewa neno kwa neno, na nilicheka peke yangu hadi dada akagonga ukuta. Baadaye Hamilton aliandika michezo ya kudai kura kwa wanawake, pamoja na maneno ya wimbo wa “The March of the Women”, ambao muziki wake ni wa Ethel Smyth. Lakini mimi hunishika zaidi lile bweni, kwa kuwa aliwapa jukwaa watu ambao wanunuzi huwaona mikono tu.

Kesho ninaipeleka ratiba ya onyesho kwa mpiga chapa. Jina langu nimeliandika juu kabisa, yote matatu, chini ya neno “Mtunzi”.

Mama hajapiga simu tangu juzi, na si kawaida yake. Nikimpigia, inaita tu.