Tovuti ya chama chetu imenimalizia bando

Juzi nimekaa zangu Mkunguni hapa Lamu, mbele ya ngome, chini ya kivuli, nataka kulipia uanachama wa chama chetu cha waongoza watalii (chama sikitaji, wenyewe watajijua). Katibu kaniambia kwa simu, "we ingia kwa tovuti tu, kila kitu kiko huko." Haya, nikaingia.

Cha kwanza, mwenyekiti. Tai nyekundu, anapeana mkono na mtu simjui. Picha ikateleza, akaja mwenyekiti tena kwenye kikao, ikateleza, mwenyekiti anakata utepe. Na hizo picha zimepandishwa vile vile zilivyotoka kwa kamera, hakuna aliyezipunguza uzito, kwa hivyo kwa simu zinakuja moja moja kama punda aliyebebeshwa matumbawe, bando langu la shilingi ishirini likaisha hata sijaona palipoandikwa lipa. Nikanunua jengine.

Menyu nayo ni ya kuelekezewa mausi ndio ifunguke, sasa kwa simu mausi ntatoa wapi? Unagusa inafunguka, ukiteremsha kidole inajifunga. Nimepigana nayo mpaka muuza kahawa akaniuliza, "simu imeingia maji?"

Fomu nikaipata mwisho. Pidiefu. Uende saiba uiprinti, uijaze kwa peni, uiskani, uitume kwa imeli pamoja na risiti ya benki. M-Pesa ipo tangu 2007, hata mwenye punda ukimaliza kushusha mchanga anakwambia tuma kwa simu, sisi wataalamu tunataka risiti yenye muhuri.

Kuna ukurasa wa Lamu pia, mji ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na picha waliyoiweka kuwa ndio ngome ya Lamu ni Fort Jesus ya Mombasa. Wallahi. Ile ya Mreno, ya miaka ya 1590, na yetu imemalizwa 1821, mgeni yeyote niliyemzungusha nusu saa angewakosoa. Ukibonyeza picha zaidi unaambiwa weka Flash, ile programu ya zamani ya kuonyesha picha, na Flash yenyewe kampuni yake, Adobe, waliizika mwisho wa 2020.

Lakini hayo ningeyameza, kilichoniuma ni orodha ya wanachama. Mwezi uliopita kuna mama wa Kijerumani alitaka siku mbili na mimi, siku moja mji, siku moja magofu ya Takwa kule kisiwa cha Manda, nshapanga na nahodha maana Takwa lazima maji yajae ndio upite kwenye mikoko. Yule mama ni mtu wa kuhakikisha mambo, akaingia kwa tovuti akaandika jina langu, akaambiwa hakuna. Akaniandikia kwa adabu kabisa kwamba samahani, amepata mwengine. Na jina langu limo! Nambari 41. Ila orodha waliichapa, wakaipiga muhuri, wakaiweka sahihi, halafu wakaiskani wakaipandisha kama picha, na kile kisanduku cha kutafuta hakisomi picha, kwake ile ni karatasi yenye wino tu. Wangeyaandika majina kama maandishi, kazi ya mchana mmoja, mimi ningekuwa nimepanda mashua.

Jioni nikamkuta ami yangu mmoja, mjumbe wa kamati, ametoka msikitini. Nikamwambia, "Ami, ile tovuti haifai."

"Haifai vipi mwanangu? Tuliionyesha kwa projekta kwenye mkutano watu wakapiga makofi."

Basi nikaelewa. Imetengenezwa ionekane ukutani, ndani ya ukumbi wa hoteli, waifai ya hoteli, mwenyekiti amekaa mbele. Mwanachama aliyesimama juani na simu iliyopasuka kioo, au mgeni anayetaka kujua huyu kijana ni wa kweli au tapeli, hao hawakualikwa kwenye huo mkutano.

Sikumjibu, nikamwambia, "Hebu toa simu yako ami, unitafute mimi."

Akavaa miwani. Tukamsubiri mwenyekiti apite mara tatu na tai yake. Akaandika jina langu herufi moja moja. Hakuna.

"Labda umekosea we kulipa," akasema, akaandika lake.

Hakuna.

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaandika tena.