Betri Iliyoisha Ndani ya Begi

Siku ya Idd pili kikundi chetu cha taarab kilialikwa kupiga kwenye harusi Fuoni, nami nilipochomeka waya na kugusa uzi wa kwanza, kilichotoka kwenye spika kilikuwa mkoromo mfupi, kisha kimya. Gitaa langu la besi ni la aina inayotumia betri: ndani ya mwili wake mna kikuza sauti kidogo kinachohitaji volti 9, na bila ya betri halitoi hata mnong'ono. Nyimbo mbili zilipita bila ya besi hadi kijana aliyetumwa dukani aliporudi. Mzee wetu mmoja, ambaye zamani alikuwa akipiga sanduku, ile besi ya boksi na uzi isiyotumia umeme, kwenye kidumbak, muziki wa Zanzibar ulio ndugu wa taarab, aliniinamia sikioni akasema, "Mwanangu, sanduku langu halijapata kuzimika hata siku moja."

Lililonikera zaidi ni kwamba betri ile niliiweka mpya, ya alkali, siku mbili kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, na mwezi mzima gitaa lilikaa ndani ya begi, kwa kuwa sisi shughuli za harusi huzisimamisha. Kabla ya hapo betri zilikuwa zikinifia mara kwa mara, lakini nilijilaumu mwenyewe kwa mazoea ya kuacha waya umechomekwa baina ya zoezi moja na jingine. Lawama hiyo ilikuwa na msingi. Gitaa la namna hii kwa kawaida halina swichi ya kuwashia. Swichi ni ile jeki yenyewe, yaani tundu la kuchomekea waya. Jeki ina miguu mitatu badala ya miwili, na waya mweusi wa betri, yaani ule wa hasi, umeungwa kwenye mguu wa kati. Plagi ya kawaida inapoingia, shina lake refu la chuma huunganisha mguu huo na ule wa ardhi, yaani njia ya pamoja ya kurudishia umeme, na hapo umeme huanza kupita. Ukiichomoa, njia hukatika. Kwa hiyo anayeacha waya umechomekwa usiku kucha ni sawa na aliyeacha taa inawaka, hata kama spika imezimwa.

Lakini safari hii waya haukuwa umechomekwa. Nikachukua kalamu. Betri ya volti 9 ya alkali hubeba takriban miliampea-saa 500, yaani miliampea moja kwa muda wa saa 500, na kikuza sauti cha gitaa langu, kama nilivyokuja kukipima baadaye, hula miliampea 1.1. Ukigawa, unapata saa mia nne na hamsini na kitu, ambazo ni siku kumi na tisa hivi. Kwa mtu anayepiga mara mbili kwa wiki, muda wa saa tatu kila mara, betri moja ingepaswa kumfaa zaidi ya mwaka mmoja. Siku kumi na tisa ni umri wa betri isiyopumzika kabisa, na Ramadhani ina siku ishirini na tisa au thelathini. Hesabu hiyo peke yake ilitosha kuniambia kuwa tatizo si ubora wa betri za madukani, ambazo nilikwisha kuzitukana vya kutosha.

Kupima kwenyewe ni kazi ndogo, ila ina hatari moja. Multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, huwekwa upande wa miliampea, kisha betri huungwa kwenye kishikio chake kwa ncha moja tu, na ncha ya pili hupitia kwenye mita kabla ya kufika kwenye kishikio, ili umeme wote unaoingia kwenye gitaa upite mbele ya macho yako. Usiziguse ncha zote mbili za betri kwa mita iliyo katika hali hiyo, kwani utaunguza fyuzi yake; mimi nimeshaunguza moja, na sikuwa mtoto. Waya ukiwa umechomekwa, nilisoma 1.1. Waya ukiwa nje, ambapo ilipaswa kuwa sifuri, nilisoma 1.1 ile ile.

Kulingana kwa namba hizo kulinieleza mengi. Ingelikuwa ni unyevu na chumvi kwenye jeki, jambo la kawaida kwetu sisi tunaoishi na upepo wa bahari, ningelitarajia umeme mdogo unaovuja na kubadilika-badilika. Hapa njia ilikuwa imefungwa barabara, kama vile plagi imo. Basi nikamshuku fundi aliyenibadilishia jeki mwaka jana, nikaamini kuwa aliunga waya mweusi kwenye mguu wa ardhi, na kabla hata ya kufungua kifuniko nilikwenda sokoni Darajani kununua jeki nyingine.

Nilipofungua, nikakuta fundi ameunga kila waya pahala pake. Nikatoa betri, nikaiweka mita kwenye mlio, hali ambayo hulia ncha zake mbili zinapounganika, nikagusisha ncha moja kwenye sehemu ya hasi ya kishikio na nyingine kwenye daraja la gitaa, kile chuma kinachoshika nyuzi, ambalo limeungwa na ardhi. Ikalia. Nikafungua lehemu ya waya mweusi kutoka kwenye jeki, nikapima tena. Ikaendelea kulia! Jeki ilikuwa haihusiki kabisa. Waya wenyewe ulikuwa unagusa ardhi mahali fulani njiani.

Shimo la ndani ya gitaa langu limetandikwa karatasi ya shaba ili kuzuia mvumo wa umeme, na shaba hiyo nayo ni ardhi. Nilipoufuata waya mweusi kwa kidole, nikakuta kwamba karibu na skrubu ya kona ulikuwa umebanwa baina ya kifuniko na ukingo, ganda lake limekatika, na nyuzi zake zimelala juu ya shaba. Kifuniko hicho nilikifunga mimi mwenyewe, kwa haraka, jioni moja kabla ya shughuli.

Nilikata kipande kilichojeruhiwa, nikalehemu upya, nikauzungushia tepu ya umeme, kisha nikaupitisha waya mbali na skrubu zote na kubandika tepu nyingine juu ya shaba pale unapopita. Mita ikasoma sifuri waya wa spika ukiwa nje, na 1.1 ukiwa ndani. Juu ya betri mpya nikaandika "Mfungo mosi". Nimeipima tena wiki hii, Mfungo nne, miezi mitatu baadaye, na bado ina volti 8.7. Jeki niliyoinunua Darajani imo dawatini, haijatolewa ndani ya kifuko chake, na fundi niliyemsingizia hana habari.