Siku moja maishani mwangu: pikipiki ya umeme inayozimika mlimani

Saa 1:00 asubuhi. Julai ya Mbeya haina utani. Kipimajoto nilichobandika ndani ya boksi la betri kinasoma nyuzi 11. Namba hiyo naiandika kabla ya nyingine zote, kwa sababu seli za lithiamu zikiwa baridi ukinzani wake wa ndani unapanda, na usipojua joto lake utakuja kuilaumu seli isiyo na kosa.

Pikipiki iliyolala hapa karakana, Mwanjelwa, ni ya kuundwa mtaani: fremu ya pikipiki ya petroli, mota ya wati 3,000 kwenye gurudumu la nyuma, na betri ya seli 160 za 18650, yaani seli ndogo za mviringo. Makundi ni 20 yaliyofuatana kwa mfululizo, kila kundi lina seli 8 zilizounganishwa sambamba. Kila seli ni Ah 2.5 (ampea-saa, kipimo cha chaji inayobebwa), kwa hiyo betri ni Ah 20. Ikijaa inafika volti 84. BMS, yaani bodi ya kulinda betri, inakata umeme kundi lolote likishuka chini ya volti 2.8.

Mwenyewe, mzee anayeshusha viazi sokoni, amefika mapema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Chaji inajaa vizuri kabisa, lakini nikikamata mlima inazima."

"Ikizima, dashibodi inabaki inawaka?"

"Inakufa yote."

Jibu hilo linaokoa nusu siku. Dashibodi ikibaki hai na mota tu ikakata, ni kontrola, kifaa kinachogawa umeme kwenda mota, imeona volti za betri nzima zimeshuka chini ya kiwango chake. Ukiachia akseleta inarudi. Ikifa yote, ni BMS imefunga, na mara nyingi kosa ni la kundi moja.

Saa 1:30. Betri imechajiwa usiku. Kabla ya kufungua boksi navua pete na saa, na bisibisi zote zina mkanda hadi karibu na ncha. Volti 84 za DC, umeme wa betri, zinapiga, na shoti moja kwenye betri hii inamwaga mamia ya ampea. Ndoo ya mchanga iko pembeni.

Mita inasoma volti 83.1. Makundi yote 20 yako kati ya 4.15 na 4.16. Hapa ndipo mafundi wengi hufunga boksi na kwenda kununua kontrola mpya. Betri isiyo na mzigo haisemi ukweli: umeme usipotembea hakuna volti inayopotea, hata kama kiungo kimeshikwa na uzi mmoja wa shaba.

Saa 2:15. Kipimo ni mlimani. Ukining'iniza gurudumu la nyuma karakana, mota inavuta ampea 3 au 4 tu, hujapima kitu. Tunatumia barabara ya Chunya, pale inapopanda juu ya Isanga.

Mita ya kubana waya lazima iwe ya kusoma DC; nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu zinasoma AC pekee, umeme wa ukutani, hapa hazifai. Mita nyingine mbili zimewekwa kwenye MIN/MAX ili zihifadhi namba zenyewe: moja pale umeme unapoingia kwenye kontrola, nyingine inavuka plagi kubwa ya betri, ncha moja kabla ya plagi na nyingine baada yake, upande wa chanya. Kila waya wa kipimo una fyuzi ya ampea 1, maana ukichubuka njiani utaungua mkononi mwako.

Mlima unapoanza, kwa ampea 40: volti 83.1 zinaanguka hadi 73.0. Zimepotea 10.1. Betri ya aina hii ikiwa nzima, kwa ampea hizo, hupoteza 5 hivi ikiwa na joto la kawaida, na 7 kwa baridi ya leo. Plagi peke yake imekula 2.1. Gawanya kwa 40 unapata miliomu 52, zidisha 2.1 kwa 40 unapata wati 84 za joto kwenye kitu cha ukubwa wa kidole gumba.

Betri ilipotumia Ah 4, ikafa. Kabla ya kurudi napima makundi palepale barabarani. Makundi 19 yako 3.97 hadi 3.99. Kundi la 13 liko 3.68.

Saa 3:30. Kwa nini lilisoma sawa asubuhi? Kundi lililobaki na seli 3 kati ya 8 lina Ah 7.5 tu. Linashuka haraka, lakini kwenye chaji linapanda haraka vilevile, na Ah zilizotoka ndizo zinazorudi. Likijaa linalingana na wenzake. Utalibaini njiani tu, au mara tu baada ya njia.

Navua karatasi ngumu ya juu. Kilichopo kinaonekana kwa macho: ukanda wa nikeli umegeuka rangi ya bluu karibu na daraja la kwenda kundi linalofuata, na kati ya seli ya tatu na ya nne kuna ufa mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye tundu la uchomeleaji uliopitiliza. Ukibonyeza kwa kijiti unagusana. Ukiachia unaachana.

Chanzo ni mpangilio. Aliyeijenga aliweka daraja moja tu, mwishoni mwa kila kundi, hivyo ampea zote 40 zinapita kwenye ncha moja. Ukanda wa nikeli wa milimita 0.15 kwa 8 haupaswi kubebeshwa zaidi ya ampea 5 hadi 7. Ongeza mitikisiko na magunia ya viazi.

Hapo pia chunguza kama nikeli ni halisi. Sumaku haitakusaidia, kwa sababu nikeli nayo inavutwa. Kikwaruze kipande kwa msasa, kilaze usiku kucha kwenye maji ya chumvi. Chuma kilichopakwa nikeli kitaamka na kutu.

Saa 4:15. Usiunganishe ufa huo mara moja. Seli 5 zilizotengwa ziko 3.96, zile 3 ziko 3.68, ukizigusanisha, zile 5 zitazimiminia wenzake ampea nyingi kwa mkupuo. Nazichaji zile 3 peke yake kwa chaja ya seli, volti 3.96, ampea 2. Inachukua saa moja na nusu hivi, na haraka haifai.

Wakati huo tunashughulikia plagi. Ni XT90, plastiki imelegea kwa joto. Waya ulichomelewa kwa pasi ndogo ya kulehemu: risasi ya kulehemu imekaa juu tu, ndani ya kikombe hakuna kitu. Tumia pasi ya wati 100, jaza kikombe kwanza, kisha ingiza waya wa milimita 6 za mraba. Kwaruza waya kwa kisu kabla ya kununua: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba.

Saa 6:00 hadi 9:00. Kazi ndefu. Kila seli inapata daraja lake, ampea 5 kila moja. Makutano ni 19, madaraja mapya 7 kila kutano, jumla 133. Sehemu isiyofanyiwa kazi inafunikwa kwa karatasi ngumu muda wote. Kila baada ya vipande kumi, kimoja kinavutwa kwa koleo: uchomeleaji mzuri unachana nikeli na kuacha kipande kimeng'ang'ania seli. Kikitoka kizima, ongeza nguvu ya mashine.

Saa 10:45. Chaji imejaa, 83.1. Isanga tena, ampea 40: volti 78.2. Plagi inapoteza 0.04.

Sehemu ya faida hiyo isihesabiwe kwa fundi. Boksi sasa lina nyuzi 22, na joto hilo peke yake limerudisha karibu volti 2. Mzee nimemwambia hivyo, na kwamba betri ilale ndani ya nyumba, si kibarazani.

"Ndaga, fundi," yaani asante, amesema mzee, akaomba apande mwenyewe hadi juu. Amepanda.