Pamba Nyeusi

Jumatatu Baraka alikanyaga msumari nyuma ya nyumba, pale pale nilipoahidi kuondoa mabati tangu Pasaka, na kabla ya saa sita tulikuwa zahanati kwa sindano ya pepopunda. Yeye alianza kulia kwenye benchi, mapema, ili asije akapitwa. Nesi akafungua chupa, akalowesha pamba, akampangusa begani. Mimi nikakunja uso na kugeukia ukutani.

"Baba," Baraka akauliza, machozi yamemkauka ghafla, "kwani ni wewe unadungwa?"

Haikuwa sindano. Ni ile harufu. Spiriti ikinipita puani narudi mtaa wa Section 58, Nakuru, mwaka 2009, usiku, mezani, santuri ya baba mkwe ikiwa mbele yangu.

Nimeshawasimulia habari za ile gramafoni ya HMV ya sanduku niliyoipata kwenye mnada wa vyombo vya shamba kule Njoro, na jinsi kondakta alivyonitoza nauli ya abiria wa pili akidhani nimebeba cherehani. Hii ya santuri nimekuwa nikiiruka. Mke wangu, Mama Neema, anaijua, kwa hiyo siwezi kuiita siri. Ni aibu tu.

Agosti ya mwaka huo tulikuwa tumekwenda Luanda ya magharibi mwa Kenya, kwao, mimi bado mkwe mbichi mwenye deni la ng'ombe. Mzee alikuwa ameambiwa kwamba kijana aliyemchukua binti yake anaokota vinanda. Gramafoni kwake ni kinanda, kama ilivyo kwa wazee wengi wa rika lake. Chake mwenyewe kilikatika springi zamani, na kuku akakiona kinafaa kutagia. Akaingia chumbani, akakaa sana, akatoka na kitu kilichofungwa ndani ya gunia la sukari lililokunjwa mara nne.

Santuri ya inchi kumi. Nzito, kama zilivyo zote za mizunguko 78. Aliinunua akiwa kibarua wa majani chai Kericho, mwishoni mwa miaka ya 1950, akarudi nayo nyumbani katikati ya mablanketi mawili. Lebo ilikuwa imeliwa na mende hadi karibu na tundu la katikati, maana mende hupenda ile gundi, kwa hiyo jina la mwimbaji halikuwepo tena. Mzee naye hakulikumbuka, au hakuona kwamba lina maana. Alichokumbuka ni wimbo: mwanamume mmoja, gitaa moja, na mtu wa kugonga chupa ya soda. Omutibo, gitaa la Kiluhya. Nikamwomba aniimbie kidogo. Akasema maneno anayo yote, ila hayaimbiki bila chupa.

Karibu na tundu, upande mmoja, kulikuwa na alama ya msalaba iliyochorwa kwa ncha ya msumari. "Huu ndio upande," akasema. "Ule mwingine ni wa kujaza tu. Nenda nayo Nakuru uisafishe, mkwe. Krismasi uje nayo pamoja na kinanda chako."

Baba mkwe akikwambia neno kama hilo, hakuna kusema nitaangalia ratiba.

Sasa, kusafisha santuri nilijiona nakujua. Nakuru ni vumbi, vumbi likiamka upande wa Menengai hata kijiko ndani ya kabati kinahitaji kufutwa. Na mimi nilikuwa na rundo la santuri ndogo za benga, zile za mizunguko 45, nilizozitoa Kisumu, na kwa miaka miwili nilikuwa nazipangusa kwa spiriti ya duka la dawa. Zilitoka zinang'aa kama viatu vya askari wa gwaride. Hakuna hata moja iliyowahi kunilalamikia.

Usiku ule umeme ulikuwa umepotea. Nikaweka taa ya chemli kwenye kiti mbali na meza, kwa sababu spiriti na moto hawakai nyumba moja. Nawaambia haya mjue nilikuwa mwangalifu. Hatari niliyoiona ilikuwa ya moto.

Nikatandika taulo. Nikailaza santuri, upande wa msalaba juu, nianze na huo kwa heshima. Nikalowesha pamba, nikaanza kuizungusha taratibu nikifuata mifereji, kutoka nje kuelekea ndani. Duara moja. Nikaigeuza pamba niiangalie.

Nyeusi. Nyeusi tii, kama chungu kilichopikiwa kwa kuni.

Niseme ukweli, nilifurahi. Moshi wa jikoni wa miaka hamsini, nikajiambia, na hakuna aliyewahi kuugusa! Nikachukua pamba ya pili. Nyeusi. Ya tatu, nyeusi vilevile. Nikamwita Mama Neema kutoka chumbani: "Njoo uone uchafu wa kwenu!" Akaja, akaangalia vile vidonge vya pamba vilivyopangwa pembeni ya taulo, akasonya kidogo kwa ajili ya ukoo wake, akarudi kulala.

Pamba ya nne ilianza kukwama. Kidole changu kilipogusa pale kilinata, kama mtu aliyegusa meza iliyomwagikiwa soda, na nyuzi nyembamba za pamba zikabaki zimeshika kwenye mifereji. Nikaongeza spiriti ili zitoke. Na harufu ikabadilika. Chini ya ile kali ya hospitali ikapanda nyingine, tamu, ya kabati jipya, ya karakana ya seremala. Niliisikia waziwazi. Nakumbuka niliinua kichwa nikafikiri, mbona kama fanicha? Kisha nikainama tena nikaendelea.

Nilitumia pamba saba. Niliacha tu kwa sababu chupa iliisha.

Ilipokauka nikaileta karibu na taa. Santuri nzima ina mng'ao wake: ukiishika kwa pembe, mwanga huwa kama mstari mmoja unaokimbia kutoka ukingoni hadi katikati. Hii haikuwa na mstari. Ilikuwa ya kijivu, kavu, kama ubao wa darasa uliofutwa kwa kitambaa chenye maji. Nikakaza springi, nikaweka sindano mpya, nikaishusha. Kilichotoka ni mvua juu ya mabati. Mvua, mvua, dakika tatu za mvua, na mle ndani hakuna mtu.

Niliupiga upande wa pili ambao sikuugusa. Ulikuwa safi kabisa. Gitaa, chupa, sauti ya mtu kama amekaa jikoni. Ule wa kujaza.

Aliyenieleza nilichofanya ni seremala mmoja wa jua kali, siku tatu baadaye, nilipompelekea sanduku la HMV alikaze bawaba. Alinusa santuri, hata hakuitazama. "Hii ni shelaki," akasema. Wao huinunua ikiwa kavu, kama maganda membamba ya rangi ya asali. Ni ute wa wadudu wadogo wa huko India na Thailand, wanaoishi kwenye matawi ya miti. Fundi huiyeyusha ndipo aipake kwenye viti. "Na unajua tunaiyeyusha kwa kutumia nini?" akaniuliza, na uso wake ulikuwa tayari unacheka.

Santuri ndogo za benga ni plastiki, spiriti haizifanyi lolote. Zile nzito za 78 ni shelaki iliyokandwa na unga wa mawe na masizi ya kuzitia weusi. Unga wa mawe uko mle makusudi, uichonge sindano ya chuma hadi ikae sawasawa kwenye mfereji, ndiyo maana kila upande ukataka sindano mpya. Kwa hiyo ule weusi kwenye pamba haukuwa moshi wa kwa mama mkwe. Nilikuwa nimeupangusa wimbo, nikaupanga kwenye taulo vidonge saba, asubuhi nikautupa kwenye pipa.

Septemba hadi Desemba nilitafuta nyingine. Lebo hakuna, namba iliyogongwa katikati nimeilainisha mwenyewe hadi haisomeki vizuri. Nilizunguka Kisumu, nikapiga simu Nairobi, nikawaimbia wauza santuri wimbo nisioujua. Hakuna kitu.

Krismasi ikafika, nikapanda matatu na sanduku langu. Kupita Kericho kulikuwa kugumu. Huko ndiko Hugh Tracey, mwaka 1950, alikowarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha, nusu mtu nusu paa. Jina lenyewe ni la Mmarekani Jimmie Rodgers, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko vijijini. Yaani kinanda kilifika na sauti ya mgeni, watu wakaitunza hadi ikaota kwato. Mimi nilipewa moja tu niitunze miezi minne.

Luanda tulikaa nje, chini ya mwembe, kwa sababu mzee alitaka majirani wasikie. Mama mkwe alikuwa jikoni na mlango wazi, kama desturi inavyotaka nikiwepo. Nikafungua sanduku. Mzee akainyoosha mikono yote miwili, nikampa santuri kwanza.

Akaigeuza kwenye jua. Akaipitisha ukucha wa kidole gumba, taratibu, kutoka ukingoni hadi kwenye ule msalaba wake. Akanitazama. Sikusema kitu. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Mau Summit na yote yalikuwa yameshuka njiani.

"Weka," akasema.

Mvua ikanyesha juu ya mabati. Majirani wakatazamana. Mtoto mmoja akauliza kama ndiyo inaanza. Mzee alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, labda nusu dakika, kisha akainua mkono nisimamishe.

"Sindano yako, mkwe," akasema. "Hii ni mbaya."

Akasimama, akaenda hadi kwenye ua wa kayaba, akachagua, akakataa, akachagua tena. Akarudi na mwiba mrefu mkavu. Akaukata nyuma kwa kisu ukatoshea kwenye kichwa cha kinanda, akanionyesha kwa kidevu nikaze skrubu. Wakati wa vita sindano zilikuwa adimu, akasema, na wenye vinanda walikuwa wakienda kwenye ua.

Mwiba hauchimbi kama chuma. Ile mvua ikapungua, ikawa manyunyu. Na kwa mbali, ndani ya manyunyu, nikasikia ting. Ting, ting-ting. Chupa. Gitaa sikulisikia. Mtu siapi kwamba nilimsikia, lakini kulikuwa na kitu kinachopanda na kushuka pale ambapo mtu angekuwa. Mzee alikuwa amefumba macho na vidole vyake vinagonga goti, na midomo yake, yeye aliyekataa kuimba bila chupa, ilikuwa inatembea.

"Si umeona?" akaniambia iliposimama. "Ilikuwa sindano."

Nikajibu, "Ndiyo, baba."

Mimi na Mama Neema tumebishana juu ya hili miaka yote. Yeye anasema baba yake alijua pale pale, kwa ukucha, na akanifunika mbele ya majirani kama mtu anavyomfunika mgeni aliyejikwaa. Mimi nasema mzee alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, angeonaje? Yeye hujibu kwamba ukucha hauna mtoto wa jicho. Hapo huwa nakumbuka kazi fulani nje.

Pasaka iliyofuata shemeji alipita Nakuru akaniletea kiberiti kutoka kwa mzee. Hakikuwa na njiti. Kilikuwa kimejaa miiba ya kayaba, imekaushwa juu ya moto, imekatwa urefu mmoja, yote ncha upande mmoja. Hakukuwa na maneno yoyote zaidi ya salamu. Mzee alifariki mwaka 2016 na santuri ile aliniachia mimi, kitu ambacho pia tunabishania maana yake.

Jumatatu hiyo tulipotoka zahanati nilikitafuta kile kiberiti kabatini. Bado kina miiba thelathini na mmoja. Baraka akaja akichechemea, akajiegemeza kwangu, akachungulia.

"Hivi ni nini?"

"Ni sindano," nikamwambia.

Akarudi nyuma hatua mbili, bega lake la kushoto amelifunika kwa mkono.