Siku ya zamu kwenye ndiva

Saa kumi na moja alfajiri. Niko juu ya tuta na tochi, napima kina kwa fimbo. Kwa msiofika huku Same, milimani Pare Kusini: ndiva ni bwawa dogo linalokusanya maji ya mfereji usiku, asubuhi tunalifungua kwa ajili ya mashamba. Zilikuwapo kabla Wajerumani hawajafika. Kijito chetu kikiachwa kitiririke hivihivi kinaishia njiani; kikilazwa ndani ya ndiva usiku kucha, kinaamka na nguvu ya kufika bondeni.

Leo maji hayajagusa alama ya jana. Ni Januari, vuli imekatika mapema, na mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Shamba likikosa maji sasa, utavuna mabua.

Saa kumi na mbili wenye zamu wamefika, majembe begani. Nasoma daftari, nazungusha usukani wa lango. Zamani ilikuwa kizibo cha gogo na udongo, na kukizibua palikuwa na kazi.

Baada ya hapo ni kuyafuata maji kwa miguu, na hapa ndipo siku yangu yote ilipo. Maji ya kwanza hayaendi mbio. Yanasukuma majani makavu na povu la kahawia, yanasimama kwenye kila ufa, yanauloweka, ndiyo yasogee. Mfereji ni wa udongo mtupu. Penye shimo la fuko tunashindilia udongo wa mfinyanzi na vipande vya mgomba. Hadi shamba la mwisho ni zaidi ya saa nzima.

Sasa, saa hiyo ya njiani ni ya nani? Wa juu wanasema zamu ihesabiwe tangu lango lifunguliwe. Wa chini wanasema ihesabiwe maji yakigusa shamba. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inazitambua jumuiya za watumia maji, na vibali hutolewa na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, lakini hilo tumeachiwa wenyewe. Mimi niko na wa chini, wala sifichi. Mfereji unaokunywa maji njiani ni wetu sote, tunauzibua sote kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Iweje hasara yake abebe wa mwisho peke yake?

Saa tatu na nusu mama mmoja wa chini ananipigia: "Mwanangu, maji yamepungua ghafla." Napanda tena. Kwenye kona ya mparachichi kuna tundu limefunguliwa kwa mguu, na maharage ya jirani yameloa vizuri kabisa. Mwenyewe anapalilia, hanitazami.

"Shikamoo mzee. Hili tundu?"

"Marahaba. Labda ng'ombe."

Ng'ombe huyo ana kisigino cha kandambili. Naziba, naandika faini, namwongezea mama muda uliopotea. Mzee ananuna, atanisalimia tena zamu yake ikikaribia.

Mchana ni ugali na fiwi, na usingizi kidogo chini ya mwembe.

Saa tisa maji yanayotoka langoni ni membamba, na bado kuna shamba moja kwenye daftari. Ndani ya ndiva tope limejaa. Tope hilo linakula nafasi ya maji, na tangu masika hatujalitoa. Mwenye shamba hilo namwambia ukweli: leo huna, kesho unaanza wewe.

Anauliza, "Kuanzia langoni au shambani?"

"Shambani."

Wa juu waliokuwa wanaondoka wanasimama. Kelele zinaanza palepale, hadi mwenyekiti anasema tumalizie kikaoni Jumapili baada ya ibada, na kila kaya ije na koleo, kwa sababu kabla ya kugombea saa tutatoa kwanza tope.

Saa kumi na moja jioni nafunga lango.